Gari la Jumamosi

Mimi ni mtu wa hasira, na sisemi hivyo kujisifu. Pale Mbinga mjini ukiuliza fundi Blasius anapatikana wapi, watu watakuelekeza karakana yangu, halafu watakuonya. Natengeneza mashine za kumenya kahawa, mashine za kusaga, jenereta, na pikipiki za vijana ambao hawajui oili hubadilishwa. Kazi yangu ni safi. Kwa miaka ishirini na mbili, mteja akirudi na lawama nilikuwa namwambia kosa ni lake kabla hajamaliza kusalimia, na mara nyingi lilikuwa lake kweli. Hicho ndicho kilichoniharibu. Mtu akiwa sahihi mara nyingi anasahau kujikagua.

Kaka yangu Dastan alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Aliendesha malori miaka thelathini, na sijawahi kumsikia akimtukana hata utingo. Enzi zile barabara ya kwenda Mbamba Bay, kule ziwani, ilikuwa tope tupu, na lori lilikuwa linalala njiani siku mbili, watu wakikata matawi ya kutandika chini ya matairi. Dastan alikuwa anashuka, anakunja suruali, anasukuma na wenzake huku anawachekesha. Mwaka jana mwezi wa pili alirudi nyumbani Mapera kwa mama yetu akiwa amekonda mikono na miguu, tumbo limejaa. Ini. Madaktari walimwambia kistaarabu kwamba arudi akae na watu wake, wakampa chupa za dawa ya maumivu.

Mama yetu, Domitila, ni mjane mwenye miche ya kahawa mia nane na mgongo ulionyooka kuliko wangu. Alimwekea Dastan kiti cha plastiki barazani, kinachotazama shamba, na pale ndipo alipokaa. Mimi nilikuwa napanda pikipiki kutoka mjini kila jioni kwenda kumwona. Siku moja nikamuuliza anataka nini. Nilidhani ataniambia nimwitie padri, au nimlete binti yake aliyeko Dodoma. Akaniambia anataka gari.

Si lori, malori alikuwa ameyachoka. Alitaka kigari kidogo chenye injini ya moto, gia za kukanyaga klachi, kile kinachovuma kikipita. Alitaka akiendeshe yeye mwenyewe kutoka Mbinga hadi ziwani, kwa sababu ile barabara imeshawekwa lami yote na yeye lami yake hajaionja. Alisema alipokuwa na tani thelathini mgongoni, anapanda mlima kwa gia ya kwanza, vigari vya namna hiyo vilikuwa vinampita kama vinamcheka.

"Nimepitwa maisha yangu yote, mdogo wangu," aliniambia. "Siku moja tu na mimi nimpite mtu."

Mimi nikacheka, lakini nilipofika nyumbani kwangu sikupata usingizi. Wiki ile ile nikaenda Songea.

Niliipata nyuma ya nyumba moja ya wageni, Starlet ya milango miwili, ile yenye turbo, mlango wa nyuma unafunguka kwa juu. Ilikuwa imekaa pale miaka minne. Saa yake ilisoma kilomita laki tatu na kumi na nane elfu, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kuku ameatamia mayai tisa. Mwenyewe aliniomba tusubiri vifaranga vitoke ndipo nichukue gari. Haki ya Mungu, nilisubiri. Bei yake ilikuwa kama ya pikipiki mbili zilizotumika, na nilipoifungua injini nikajua kwa nini.

Nilipoileta Mbinga ikivutwa kwa kamba, watu walipata kitu cha kuongea. Kwetu gari ni kitu cha kubeba gunia. Kigari ambacho hakiingizi hata gunia mbili za kahawa kavu ni cha nini? Nikawajibu ni gari la wikiendi. Wakauliza wikiendi ndiyo nini, maana Jumamosi watu wapo shambani na Jumapili wapo misani. Basi wakaliita Gari la Jumamosi, wakaendelea kucheka, na mimi nikawatolea maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Sikuitengenezea karakanani. Niliipeleka Mapera, nikaiegesha katika banda la mama la kahawa, karibu na mashine ya kumenyea, ili Dastan aone kila boliti. Na hiyo miezi, kuanzia wa tatu hadi wa saba, nasema wazi, ndiyo miezi mizuri kuliko yote niliyowahi kukaa na ndugu yangu. Yeye alikuwa ameondoka nyumbani mimi nikiwa darasa la tatu. Sasa alikuwa pale kwenye kiti chake, blanketi mapajani, ananipa spana na kunikosoa. Turbo ilikuwa inavuja oili, shafti imelegea. Mkanda wa taimingi ulikuwa umebaki nyuzi. Silinda hedi niliipeleka mjini kusawazishwa, nikabadilisha gasketi, klachi pleti, shokapu zote nne, bushi, breki. Vipuri vingine vilitoka Dar kwa basi, vingine nilivichonga mwenyewe. Dastan alikuwa akinisikia natukana nati iliyogoma, anasema, fundi, hiyo nati haijakusikia, ipake oili.

Lakini tulikuwa tunashindana na kitu, na wote wawili tulikijua. Gari ya gia inataka mguu wa kushoto wenye nguvu, na miguu yake ilikuwa inavimba. Basi kila nikifika, kabla sijagusa spana, nilikuwa napiga goti mbele ya kiti chake, namwekea kiganja changu chini ya unyayo, namwambia kanyaga klachi. Mwezi wa tatu alikuwa anausukuma mkono wangu hadi chini. Mwezi wa tano alikuwa anaufikisha nusu. Mwezi wa sita mwishoni nilikuwa nauachia mkono mwenyewe ushuke, naye alijua nauachia.

Sasa nieleze habari ya mrututu, kwa sababu bila hiyo mtu asiyelima kahawa hataelewa. Mrututu ni yale mawe ya bluu ya kutibu ugonjwa wa kahawa. Mama anayaloweka katika maji mpaka yayeyuke, halafu siku ya kupulizia anachanganya na chokaa, kama baba alivyofundishwa zamani na mapadri. Siku hizi kuna dawa za shaba, kopa, za dukani lakini mama hazitaki. Maji ya mrututu ni ya bluu, yamekaa safi, unaona hadi chini. Na kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mrututu hauwekwi katika chombo cha chuma wala cha bati, kwa sababu unakila. Mama akitaka kujua kama chokaa imetosha, anachovya kisu. Kisu kikitoka chekundu, chokaa bado. Kikitoka cheupe, kapulizie. Kwa hiyo mrututu wake uliobaki msimu uliopita, maana mama hatupi kitu, ulikuwa katika dumu la mafuta ya kula la lita tano, nyuma ya mashine ya kumenyea.

Na mimi, fundi Blasius, nilinunua mjini maji ya rejeta, kulanti, yale ya kupimiwa kutoka kwenye pipa kwa sababu ni nafuu. Nayo yalikuwa ya bluu. Nikayatia katika dumu la mafuta ya kula la lita tano. Nikaliweka katika banda lile lile, na sikuandika kitu juu yake, kwa sababu nilijua nimeliweka wapi.

Alhamisi moja mwezi wa saba mama alikuwa amefagia banda na kusogeza vitu, maana kahawa ilikuwa imeanza kuiva na alitaka nafasi ya mabeseni. Mimi nikafika mchana, mikono imejaa grisi, haraka haraka, nikachukua dumu, nikajaza rejeta likaisha lote, nikawasha. Jamani, injini ilivuma. Dastan alinyanyuka kitini bila kushikwa. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Tukaiacha ikinguruma robo saa nzima, turbo inapiga mluzi, kuku wote wamekimbilia kwenye kahawa, na mimi nililia, sikuona aibu. Jumamosi ndiyo ingekuwa siku ya safari.

Jumamosi asubuhi nilipofika nilimkuta Dastan amevaa shati jeupe na viatu vya ngozi ambavyo mama alikuwa amevikata pembeni ili miguu iingie. Amenyoa ndevu. Alikuwa tayari ameshafungua boneti, amekagua oili, amepima upepo kwa kupiga teke matairi, kama dereva wa lori anavyofanya kabla ya safari. Aliniambia ameongeza na maji kidogo kwenye rejeta, kikombe kimoja, yalikuwa yamepungua. Nikamwambia sawa. Sikuuliza zaidi.

Tukatoka. Sitaeleza sana, kwa sababu nikieleza sana naharibu. Nitasema tu kwamba kaka yangu alipoingia kwenye lami aliacha kuwa mgonjwa. Alikuwa anakanyaga klachi kwa mguu na kuusaidia mguu kwa mkono, anasukuma goti, halafu mkono unarudi kwenye gia kwa wakati, kila mara kwa wakati. Kona zile alizijua zote. Alikuwa ananiambia hapa tulilala siku mbili, hapa utingo wangu Baltazar alipoteza kiatu kwenye tope, hapa mama mmoja alitugawia ugali na usipa, dagaa wa ziwani, bila kutujua. Mbele yetu kukatokea lori la mizigo, linajikongoja mlimani. Dastan akashusha gia, akapiga honi mara mbili kwa heshima, akalipita. Alipomaliza kulipita akatazama kwenye kioo muda mrefu. Alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeiba sukari.

Tulikuwa tumebakiza kona chache kabla ya ziwa kuonekana, pale barabara inapoanza kushuka sana, ndipo mvuke ulipotoka. Kwanza kidogo, halafu boneti nzima. Sindano ya joto ilikuwa mwisho. Akaegesha vizuri pembeni, akazima, akaweka jiwe mbele ya tairi hata kabla mimi sijashuka.

Nilifungua boneti nikaona rejeta imetoboka chini, si mahali pamoja, ni kama ungo. Maji ya bluu yanadondoka barabarani. Nikangoja, nikafungua kifuniko kwa kitambaa. Na pale kwenye mdomo wa bomba, kwenye ile alumini niliyoisugua kwa mkono wangu mpaka ikang'aa, nikaona wekundu. Wekundu ule wa kisu cha mama. Mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa. Nilijua mara moja ndani ya injini ile kumepita mrututu, na kwamba kama umekula rejeta hivi, na hedi nayo basi tena.

Nikamgeukia. Nikamuuliza asubuhi yale maji aliyoongeza aliyatoa wapi. Akasema kwenye dumu, nyuma ya mashine. Nyuma ya mashine ndiko mrututu ulikokuwa ukikaa siku zote. Hapo damu ikanipanda, nikasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo.

"Miezi mitano," nilimwambia. "Miezi mitano ya jasho langu umeiua kwa kikombe kimoja. Si ungekaa tu kwenye kiti chako ungoje kufa, usiguse kitu?"

Dastan aliinama kwa shida, ameshikilia bampa, akakinga kidole chini ya rejeta kwenye yale maji yaliyokuwa yanadondoka. Akayasugua kati ya kidole na dole gumba. Akayasugua tena. Halafu akanitazama, na hayakuwa macho ya mtu aliyetukanwa. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyelala.

"Ni mimi, mdogo wangu," akasema. "Nilichanganya madumu. Nisamehe."

Mimi sikusamehe. Nilipiga teke tairi, nikazunguka zunguka pale barabarani nikiongea peke yangu. Tukiwa hapo ikaja pikapu ya mfanyabiashara wa samaki, jamaa anaitwa Jastini, anashuka Mbamba Bay na matenga matupu. Akasimama, akamwamkia Dastan shikamoo, akaelewa hali yetu kwa kutazama tu. Akasema gari tuliache pale, kuna watu anawafahamu wataliangalia, yeye amchukue mgonjwa mbele pamoja naye, dakika ishirini tu atakuwa ziwani, akae mchangani, ale samaki, na akipandisha mzigo jioni atamrudisha. Dastan alikuwa ameshaweka mkono kwenye mlango wa pikapu.

Nikasema hapana. Nikasema hakuna cha ziwa, tunarudi nyumbani, mgonjwa amechoka. Hakuwa amechoka. Mimi ndiye sikutaka apate raha siku ile ambayo nilidhani ameniharibia kazi. Nasema kama ilivyokuwa. Dastan akautoa mkono kwenye mlango taratibu, akamshukuru Jastini, akamwambia mdogo wangu anasema kweli. Ziwa lilikuwa pale nyuma ya mlima. Upepo wake tulikuwa tunausikia.

Tulivutwa hadi Mapera na lori. Lile lile alilolipita, likirudi kutoka ziwani.

Nilipofika bandani nilikwenda moja kwa moja nyuma ya mashine. Nikakuta dumu limejaa maji ya bluu, limepungua kiasi cha kikombe. Nikamwita mama, nikamwonyesha, nikasema si unaona, kikombe hiki hapa ndicho kilichokosekana. Mimi nikawa nimepata ushahidi wangu. Leo najiuliza, na kila fundi anayenisikiliza anajiuliza: kikombe kimoja kingewezaje kula rejeta nzima kwa safari ya saa moja? Fundi gani huyo hakupiga hata hiyo hesabu? Lakini nilikuwa na hasira, na hasira haipigi hesabu.

Baada ya hapo niliendelea kwenda Mapera, ila si kila jioni. Nilikuwa namsalimia, nauliza amelalaje, naondoka. Kiganja changu sikumwekea tena chini ya unyayo. Aliishi siku kumi na saba. Siku ya mwisho nilikuwa Mapera, lakini nilikuwa uani natengeneza pampu ya jirani. Mama ndiye aliyemfumba macho.

Na kwetu msiba una watani. Watani wetu Wangoni walikuja kama inavyotakiwa, na mkubwa wao alikuwa Victor, mtu mwenye sura nzito na mdomo mwepesi. Kazi ya mtani ni kumtania marehemu watu wasizame katika kilio. Sasa habari ya gari nilikuwa nimeshaisambaza mimi mwenyewe, kwenye karakana, baa, kila mahali. Basi Victor akavaa shati jeupe la Dastan, akakalia ndoo kama dereva, akachukua dumu akajimiminia kichwani akisema, tieni mrututu, gari hili nalo lina ugonjwa wa kahawa. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Dastan aliyeendesha malori miaka thelathini bila ajali, akazikwa akiwa mjinga wa mrututu. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka nikaona haki imetendeka.

Mvua za kwanza zilianza mwezi wa kumi na moja. Mama akanipigia simu akasema njoo unisaidie kupulizia, dawa ya msimu uliopita bado ipo, tuianzie hiyo. Nikafika nikiwa na bomba mgongoni. Ile Starlet ilikuwa pale pale, imefunikwa turubai, sijaigusa tangu Julai. Mama alikuwa ameshakoroga chokaa kwenye beseni la plastiki. Akatoa dumu nyuma ya mashine, akamimina kidogo, akachovya kisu.

Kisu kikatoka cheupe. Mama akashangaa, maana chokaa ilikuwa haijafika hata nusu. Akaongeza maji ya dumu, akachovya tena. Cheupe. Akasema mrututu umekufa, lakini mrututu haufi. Akachovya kisu ndani ya dumu lenyewe, akakiacha, akahesabu salamu kumi za Maria kama afanyavyo. Alipokitoa kilikuwa vile vile kilivyoingia, kinateleza mkononi mwake.

Nikakichukua kile kisu. Nikayasugua yale maji kati ya kidole na dole gumba.

Yalikuwa yanateleza. Kulanti huteleza, kama una mafuta kidogo vidoleni. Mrututu ni maji matupu, hauna utelezi. Dereva wa miaka thelathini anajua hilo kuliko kitu chochote. Nikalitazama dumu. Lita tano, limepungua kikombe kimoja, ukiacha hicho alichomimina mama sasa hivi. Kulanti niliyonunua mimi ilikuwa ile pale, karibu yote. Basi Alhamisi ile nilijaza rejeta nini?

Nilikaa chini, pale pale kwenye maganda ya kahawa. Nikaona kidole chake kikisugua pale barabarani, mara ya kwanza, mara ya pili. Asubuhi alikuwa ameongeza maji yanayoteleza, kwa sababu alichukua dumu sahihi. Pale barabarani akagusa maji yasiyoteleza. Akajua. Alijua yote kwa muda ule mfupi, nani aliyejaza na nani aliyekosea, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake natukana. Angeweza kusema neno moja tu. Akasema ni mimi, nisamehe. Halafu akautoa mkono wake kwenye mlango wa pikapu.

Nilimweleza mama. Mama alinisikiliza amesimama, kisu mkononi, mvua imeanza kupiga bati. Nilitaka anipige. Ningefurahi angenipiga. Akaniuliza kama hayo maji yanadhuru ng'ombe, nikasema yanadhuru, akaniambia nikayamwage mbali. Kisha akaingia ndani, na nikamsikia analia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Gari nililitengeneza. Nilipata rejeta nyingine na hedi nyingine, nikafanya kazi kila jioni, kiti cha plastiki pale pembeni hakuna mtu. Mwezi wa nane mwaka huu likawa zima. Mwezi huo huo ilikuwa misa ya mwaka, na kaburi la Dastan tulilijengea saruji na msalaba. Nikaamua kwamba siku hiyo, mbele ya watu wote, nitaivua ile aibu shingoni mwa ndugu yangu niivae mimi.

Baada ya misa watu walikaa uani, wali na nyama viko jikoni. Victor mtani akainuka na dumu lake, aanze. Nikamwomba anipishe. Nikasimama kuungama, mimi niliyezoea kumfokea kila mtu.

"Dastan hakutia mrututu kwenye gari," nikasema. "Niliyetia ni mimi. Yeye alijua, akanibebea. Nilimtukana, nikamnyima ziwa, akafa."

Nikaeleza madumu, kisu, kikombe, kila kitu. Nilipomaliza nilitazama chini nikingoja. Nilikuwa tayari kwa lolote, kuzomewa, kutemewa mate, lolote.

Mama mdogo Otilia ndiye aliyeanza. Alijifuta macho kwa kanga, akasema kwa sauti kubwa, mnaona huyu, mnaona upendo wa ndugu, mpaka kosa la marehemu analibeba yeye. Watu wakaitikia. Victor akaliweka dumu lake chini, akaja akanishika mikono yote miwili. Yule mwenye utani wote ule alikuwa na machozi.

"Mtani, umenishinda," akasema. "Kwa heshima yako sitamtania tena."

Nikasema hapana, hamjanielewa, ni kweli ni mimi. Nikarudia. Nilivyorudia ndivyo walivyozidi kupiga makofi. Mzee mmoja akasema siku hizi ndugu wa namna hii hawapo. Nikataka kufoka, na kwa mara ya kwanza maishani hasira ilikataa kuja. Nikamtafuta mama kwa macho. Yeye peke yake ndiye aliyekiona kile kisu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu, akanivuta suruali.

"Kaa chini, Blasi," akasema taratibu. "Kaka yako alishaamua."

Nikakaa. Wakaniletea sahani yangu kabla ya wazee, imejaa nyama, wakanipa na soda. Nje ya ua lile gari lilikuwa limeegeshwa, limeoshwa, tenki limejaa, na ilikuwa Jumamosi.